Sumbawanga si uchawi tu

Ukitaja Sumbawanga hapa Dar, wa kwanza atakuuliza habari za uchawi, wa pili atacheka. Wachache wanajua kuwa jina lenyewe hufasiriwa "tupa uchawi". Wachache zaidi wanajua kuwa Wafipa walikuwa mafundi wakubwa wa chuma.

Jiji hili limezoea sanamu za kuletewa. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamisha Hermann von Wissmann. Waingereza wakamwondoa, na mwaka 1927 wakatuwekea Askari wa shaba nyeusi, kazi ya mchongaji wao James Alexander Stevenson. Kila mtawala na sanamu yake.

Ufipa kulikuwa na minara ya aina nyingine. Inaitwa malungu, mmoja ni ilungu. Ni tanuru la udongo, refu kumzidi mtu, mara nyingi mita tatu hivi. Chini lina matundu ya kupitishia mirija ya udongo. Ndani hupangwa mkaa na mawe ya chuma, kisha moto. Hakuna mvukuto hapo! Urefu wa tanuru ndio unaovuta hewa. Bonge linalotoka husafishwa kwenye tanuru dogo, na hapo sasa ndipo mivukuto inapofanya kazi, kabla mhunzi hajafua jembe au shoka.

Tena haikuwa kazi ya nguvu tu. Ilungu lilichukuliwa kama bibi harusi, likapambwa, likatiwa dawa, na mafundi wakakaa mbali na wake zao mpaka chuma kipatikane. Ukipenda ita ushirikina. Mimi naona pia shule ya ufundi, yenye miiko na siri zake.

Majembe ya viwandani kutoka Ulaya ndiyo yaliyoizima mioto hiyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wataalamu kama Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu, wameyachunguza mabaki yake. Baadhi ya malungu bado yamesimama huko Nkansi, mengine ni vifusi.

Siku tukiamua kuichonga Ufipa kwenye shaba, ukutani, mahali pa watu wote, tutaweka nini? Ziwa Tanganyika upande mmoja, Bonde la Rukwa upande wa pili, sawa. Katikati naomba liwe ilungu. Ila udongo hausubiri kamati. Mvua ikishabomoa tanuru la mwisho, tutakuwa tunachonga kitu tulichokiacha kife. Wewe unasemaje?