Jinsi ya kuokoa mayai na vifaranga katika tangi la samaki wengi

SAMAKI anayetaga katika tangi la kioo lenye samaki wengine huwa amewaandalia karamu. Mayai hayana pa kukimbilia, vifaranga hawana nguvu, na mara nyingi mlaji wa kwanza ni mzazi mwenyewe. Mfugaji asipochukua hatua mapema, kizazi kizima chaweza kuangamia kwa usiku mmoja.

Maumbile yana njia zake za kuzuia hasara hiyo, na Pwani ya Kenya ina mifano miwili. Wa kwanza ni tilapia, ambaye alifugwa jirani na mtaa wa Kiembeni, Kisauni, katika machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Machimbo hayo, ambayo René Haller alianza kuyapanda miti mwaka 1971, leo hujulikana kama Haller Park. Tilapia jike wa aina zinazofugwa kwa wingi huyabeba mayai yake kinywani. Yakianguliwa, vifaranga hubaki humo hadi waweze kujitafutia chakula, na kwa muda huo wote wa takriban wiki mbili mama hali karibu chochote.

Mfano wa pili ni samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius, waishio katika vidimbwi vya mvua. Wazazi hutaga matopeni na kufa kidimbwi kinapokauka. Mayai hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa na kuanguliwa mvua inaporejea. Hivyo basi, watoto na wazazi hawakutani kamwe.

Ndani ya tangi, kazi hiyo ya kutenganisha ni ya mfugaji. Kwanza, ni sharti ajue samaki wake huzaa vipi. Samaki wa dhahabu hutaga mayai yanayonata kwenye mimea. Mimea hiyo ihamishiwe katika chombo kingine mara moja. Gapi huzaa watoto walio hai, hivyo mama ahamishwe kabla ya kujifungua na aondolewe punde amalizapo. Tilapia aliyebeba mayai asikimbizwe kwa wavu, kwani akitishika aweza kuyatema au kuyameza. Ni afadhali kuwahamisha wenzake.

Chombo cha vifaranga kijazwe maji ya tangi lile lile ili wasishtuliwe na mabadiliko. Maji ya mfereji yenye klorini yaachwe wazi siku nzima kabla ya kuongezwa, na ya kisima chenye chumvi yaepukwe. Mdomo wa kichujio ufunikwe kwa sponji, la sivyo vifaranga watafyonzwa. Mayai yaliyogeuka meupe yamekufa. Yaondolewe kabla ukungu haujaenea kwa mengine.

Vifaranga walishwe kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Kiini cha yai la kuku lililochemshwa, kikipondwa na kuchujwa kwa kitambaa, chafaa, lakini mabaki yaondolewe kwani huoza upesi. Warudishwe katika tangi kuu pale tu watakapokuwa wakubwa kuliko kinywa cha samaki mkubwa aliyemo.

Wakizidi, wagawiwe wafugaji wengine. Wasimwagwe mtoni wala kidimbwini, kwani samaki mgeni huweza kula mayai ya wenyeji ambao hawana mtu wa kuwatenganisha naye.