Jeshi Dogo Chini ya Milima ya Pare, Mei 1916

Katika michezo ya mezani inayoiga vita vya kale, mchezaji anayekabidhiwa jeshi dogo hukabiliwa na swali ambalo mwenzake mwenye jeshi kubwa hana haja ya kujiuliza, nalo ni hili: kushinda kutahesabiwaje? Swali hilo lilijibiwa kwa vitendo mwezi Mei 1916 kwenye ukanda mwembamba wa nchi ulio kati ya mto Ruvu, ambao mbele huitwa Pangani, na milima ya Pare, ambako leo zimo kata za wilaya ya Same kama vile Mhezi. Mchezo wa vita wenyewe, yaani zoezi la maofisa juu ya ramani, lenye vipande vinavyowakilisha vikosi na mwamuzi anayepima matokeo, ulienea katika jeshi la Prussia baada ya Georg von Reisswitz kuuwasilisha mwaka 1824, na Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeliongoza jeshi la Kijerumani katika Afrika Mashariki, alikuwa zao la jeshi hilo.

Lettow-Vorbeck aliamini kwamba koloni haliwezi kuokolewa kwa mapigano ya huko huko, bali kila askari wa Uingereza atakayelazimika kuja Afrika atakuwa amepunguzwa kwenye uwanja wa Ulaya. Kwa hesabu hiyo ardhi ilikuwa kitu cha kutumiwa, wala si cha kulindwa kwa gharama yoyote. Baada ya Jenerali Jan Smuts, wa upande wa Waingereza, kuwaondoa Wajerumani katika eneo la Kilimanjaro na kuiteka Kahe mwezi Machi 1916, Lettow-Vorbeck alilipeleka sehemu kubwa ya jeshi lake Kondoa, na reli ya Usambara akamwachia Meja Kraut na vikosi vichache. Hapo pana jambo ambalo mchezaji wa upande dhaifu huwa mzito kulikubali: ili awe na nguvu mahali pamoja, hana budi kukubali kuwa mnyonge mahali pengine, tena kwa kujua.

Ukanda wa Pare ulifaa sana kwa kazi ya Kraut. Milima ikiwa upande mmoja na mto upande wa pili, adui hakuweza kutandaza wingi wake wote, naye aliyejificha katika vichaka vya miiba aliweza kumlazimisha asimame, apange mstari wake na kutuma watu wa kuzunguka, kisha yeye akaondoka kabla mzunguko haujakamilika. Madaraja yalibomolewa na reli kung'olewa, ili kila kilomita ambayo Waingereza waliipata iwe pia kilomita ya kukarabati na ya kusafirishia chakula. Kikosi cha msingi cha Wajerumani, kilichoitwa kampuni ya uwanjani, kilikuwa na askari wapatao 160 hadi 200, bunduki chache za rashasha na wapagazi wake chenyewe, hivyo kiliweza kupigana na kuhama bila kungoja msaada kutoka makao makuu. Si kwamba kilikuwa na silaha bora, kwani askari wengi walikuwa bado na bunduki za aina ya 1871, ambazo kila risasi ilitoa wingu la moshi lililomfichua mpigaji.

Udhaifu wa ukanda huo ulikuwa upande wa mashariki. Smuts alisonga mbele kwa safu tatu, moja kando ya mto, nyingine kando ya reli na ya tatu kupitia upenyo wa Ngulu, na kikosi cha Jenerali Hannyngton kilipofika Same kiliiacha reli kikashika njia ya nyuma ya Pare Kusini kuelekea bonde la Mkomazi. Ngome ya Wajerumani ya Mikocheni, iliyokuwa madhubuti kwa aliyeikabili kutoka mbele, ilipoteza maana mara tu ilipozungukwa, na mwisho wa mwezi Kraut alikuwa amekwisha rudi nyuma. Waingereza walikwenda zaidi ya kilomita 200 kwa muda wa siku kumi hivi, lakini jeshi walilolifuata halikunaswa. Nao walizidi kusogea mbali na ghala zao, farasi wao wakiuawa na mbung'o na watu wao wakiangushwa na malaria, wakati Wajerumani walikuwa wakipata kwinini iliyotengenezwa katika taasisi ya Amani huko Usambara.

Kanuni hiyo ya kutoilinda ardhi kwa gharama yoyote ilimponyoka Lettow-Vorbeck mwenyewe mara moja iliyo maarufu. Huko Mahiwa, Oktoba 1917, alisimama akapigana siku nne na kuwaua na kuwajeruhi Waingereza wengi kuliko waliopotea upande wake, ila hasara yake ya watu wapatao 500 haikuwa na wa kuifidia, na mwezi uliofuata alivuka Ruvuma akiwa na jeshi lililopungua sana. Ushindi wa aina hiyo ni hatari kwa jeshi dogo kuliko kurudi nyuma mara kumi.

Michezo mingi inayohusu vita hivi humsifu kamanda na kumsahau mpagazi, na hilo ni kosa la kihistoria, wala si la kanuni za mchezo peke yake. Uwezo wa kuhama haraka ulitoka mabegani mwa watu waliochukuliwa vijijini, na chakula cha majeshi yote mawili kilitoka mashambani mwa wenyeji ambao vita havikuwa vyao. Upande wa Waingereza pekee, vifo vya wapagazi hukadiriwa kufikia 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Mwamuzi anayetaka kuuchezesha mwezi Mei 1916 kwa haki ampe Kraut wapagazi wanaohesabika, wanaougua, wanaotoroka na wanaohitaji kula, kisha kila kijiji ambacho safu imepitia kipunguziwe akiba yake ya nafaka, iwe safu hiyo ni ya Smuts au ya Kraut.