Mavuno ya Shule Huliwa na Nani?

Julius Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, shamba la shule halikuwa somo la lishe. Kilichomkera ni shule iliyomtoa mtoto wa mkulima kijijini na kumfundisha kuidharau kazi ya wazazi wake. Alitaka wanafunzi walime, washiriki kuamua mambo ya shamba lao, na matunda ya jasho lao wayaone wenyewe. Jembe lilishika mizizi, lakini kuamua na kufaidi havikufika mbali. Katika shule nyingi mchelewaji alikatiwa ngwe ya kulima kama alivyochapwa viboko, na mboga zikauzwa huku watoto wakiendelea na makande yao.

Miaka 28 baadaye, mjini Berkeley, California, Alice Waters alianzia upande wa pili kabisa. Yeye ni mpishi, mwenye mgahawa wa Chez Panisse, na hofu yake ilikuwa kwa watoto wa mjini wasiojua chakula kinatoka wapi. Mwaka 1995 alianzisha bustani ya takriban ekari moja katika shule ya Martin Luther King, na pamoja nayo darasa la jikoni. Kinachochumwa kinakatwakatwa na watoto wenyewe, kinapikwa, kisha wanaketi mezani kukila. Kwa Nyerere bustani inaelekea kwenye jamii na uchumi wake. Kwa Waters inaelekea kwenye ulimi. Ukitaka mtoto apende mboga za majani, nadhani mpishi ameona mbali zaidi.

Hata hivyo hakusalimika. Mwaka 2010 Caitlin Flanagan aliandika katika jarida la The Atlantic akimfikiria mhamiaji anayechuma mboga kwa kibarua ili mwanawe asome, halafu shule inamtoa mwana huyo darasani akachume mboga. Ukali umezidi, maana saa chache bustanini hazimfelishi mtu hesabu. Ila msomaji wa Afrika Mashariki anaitambua shaka hiyo. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes, kutoka Marekani, ilipopita huku mwaka 1924 ikihimiza masomo ya kilimo kwa Waafrika, wapo waliouliza mbona watoto wa Wazungu hawapewi elimu ya namna hiyo. Jembe halijawahi kuingia darasani bila historia yake.

Anayeijua historia hiyo kutoka ndani ni Edward Mukiibi wa Uganda, mtaalamu wa kilimo ambaye tangu 2022 ni rais wa Slow Food, harakati ya chakula iliyozaliwa Italia. Mradi wake wa bustani za shule ulianza mwaka 2006 katika wilaya ya Mukono, na cha kwanza alichopambana nacho ni kilimo cha adhabu. Ni vigumu kumshawishi mtoto kwamba mchicha ni mtamu ikiwa aliupalilia kwa sababu ya kupiga kelele darasani.

Japani haina nafasi ya mashamba makubwa shuleni, na pengine hiyo ndiyo bahati yake. Ni kawaida mtoto wa darasa la pili kupewa chungu kimoja tu, akaotesha nyanya au mboga nyingine. Uzito wa somo uko kwenye chakula cha mchana: sheria yake ni ya 1954, na watoto wenyewe, wamevaa aproni na kofia nyeupe, huwapakulia wenzao. Mwaka 2005 ikaja sheria nyingine inayofanya elimu ya chakula kuwa jambo la taifa zima. Ningelazimishwa kuchagua, ningechukua chungu hicho na kuacha ekari 10 za mahindi.

Sisemi hivyo kwa kuyadharau mahindi. Yanakaa shambani miezi mitatu hadi minne, mara nyingi yanakomaa shule imefungwa, yanaingia stoo na hakuna ajuaye yalipoishia. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Matembele ukiyachuma yanachipua tena. Aliyeyapanda anaweza kuyala kabla muhula haujaisha, shuleni hapo hapo, pembeni ya ugali, mradi mwalimu wa zamu asiyapeleke sokoni kununulia chaki.