Picha, Kivuli na Roho



Mwaka juzi, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, mama yangu mdogo alitoa picha ya pasipoti ya mwanawe kwenye pochi akampelekea mganga. Kijana alikuwa amekwenda Ghuba kutafuta kazi, na simu zake zilikatika ghafla. Mganga akasema ataitia picha ile kwenye maji usiku, na kwa kupitia picha ataiita roho ya kijana imjibu. Akataka pesa, akapewa. Akataka tena, akapewa tena.

Ajabu ni kwamba mama mdogo huyu huyu ndiye aliyekuwa akitugombeza toka utotoni tusiache picha zetu ovyo, ati mtu mbaya akiipata picha yako amekupata wewe. Na mtoto mchanga hataki kabisa apigwe picha kabla ya arubaini. Nikajiuliza, imani hii imetoka wapi? Ni ya dini? Ni ya sisi watu wa Pwani tu? Nilipekua maktaba ya chuo, na niliyoyakuta nimeona nikuletee, maana wengi wetu tunadhani haya ni maneno ya vikongwe wa kwetu.

Tuanze hapa karibu. Mwaka 1883 kijana wa Kiskoti, Joseph Thomson, alitoka Mombasa na msafara wa wapagazi kuelekea nchi ya Wamaasai. Alipofika Taita akatoa kamera yake. Aliwabembeleza watu wasimame, wakasimama, lakini kila alipoanza kuwalenga walitimka mbio kuingia msituni. Akawaonyesha picha nyingine ili waelewe, ndio kwanza wakazidi kuogopa. Aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1885 kwamba walimdhania ni mchawi anayetaka kuzimiliki roho zao, na akishazipata watakuwa chini ya amri yake. Mwaka 1890 mwanachuoni wa Uingereza, James Frazer, akalichukua jambo hili akalitia katika kitabu chake kikubwa cha mila za dunia, na toka hapo likawa ni kichekesho cha Wazungu: Mwafrika anaogopa kamera!

Lakini subiri kwanza. Thomson huyo huyo, alipofika kwa Wamaasai, alikuwa aking'oa meno yake mawili ya bandia na kuyarudisha, na kutia unga wa chumvi ya tumbo kwenye maji ili yatoe povu, wamwone ni laiboni mkubwa. Sasa hapo mchawi nani? Watu wa Taita hawakukosea sana kumshuku.

Na huko Ulaya kwenyewe je? Ufaransa alikuwako mwandishi mashuhuri, Balzac. Rafiki yake mpiga picha, Nadar, amesimulia kuwa Balzac aliamini mwili wa mtu una matabaka mengi membamba kama utando, na kila picha inayopigwa humbandua tabaka moja. Huyu ni msomi wa Paris, si mzee wa kijijini.

Kisa kilichonigusa zaidi kiko Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1860, mjini Boston, alikuwako mchonga nakshi za vito aitwaye William Mumler. Siku moja alijipiga picha mwenyewe, na ilipooshwa akaonekana binti amesimama kando yake kama moshi. Mumler akasema ni binamu yake aliyekwisha kufa. Habari zikaenea, akafungua biashara: unakaa kwenye kiti, unalipa dola 10, na maiti wako anakuja kusimama nyuma yako. Siku zile dola 10 zilikuwa pesa nyingi wallahi. Na wateja hawakukosekana, kwani ndio wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, ambapo watu zaidi ya laki sita walikufa. Karibu kila nyumba ilikuwa na kilio.

Siri yenyewe ni nyepesi. Picha zilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa. Kioo chenye sura ya mtu wa kwanza kikitumika tena, ile sura ya zamani hubaki kwa mbali kama kivuli. Baadaye watu wa Boston wakagundua kuwa baadhi ya hao “wafu” walikuwa hai, wanatembea barabarani! Mumler akahamia New York, na mwaka 1869 akashtakiwa kwa udanganyifu. Mfanyabiashara wa maonyesho P. T. Barnum alileta mahakamani picha yake akiwa na “roho” ya Rais Lincoln, aliyotengenezewa makusudi kuthibitisha kuwa ni hila tu. Hata hivyo hakimu alimwachilia Mumler kwa uchache wa ushahidi.

Kiasi cha mwaka 1872 mwanamke mmoja aliyevaa nguo za msiba aliingia studio kwake. Alikuwa mjane wa Lincoln. Mumewe alipigwa risasi mwaka 1865, na kati ya wanawe wanne watatu wamekufa, wa mwisho mwaka 1871. Akatoka na picha ambayo marehemu mumewe ameweka mikono juu ya mabega yake. Picha hiyo ipo mpaka leo. Nilipoitazama sikuweza kucheka. Nilimwona mama mdogo.

Tukija kwetu Waislamu, twachanganya mambo mawili. Kuna hadithi kuhusu wachora sura, na wanazuoni wamekhitilafiana kama kamera imo. Shekhe Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, aliandika kuwa picha ya kamera ni kukizuia kivuli cha kiumbe ambacho Allah amekwisha kukiumba, mfano wa kioo. Wengine wamempinga na hadi leo mjadala upo. Lakini mjadala huo ni juu ya kuiga uumbaji na kuogopa watu wasije wakatukuza sura. Hauhusu roho kukaa kwenye karatasi. Afisa wa jeshi la Misri, Muhammad Sadiq Bey, alipiga picha Madina mwaka 1861 na Makka mwaka 1880, miaka mitatu kabla Thomson hajawatisha watu wa Taita. Basi anayeficha picha kwa kuhofia uchawi asiseme ni fiqhi. Na kwenda kwa kahini, hukumu yake tuliisoma sote madrasa.

Binamu yangu alipiga simu mwenyewe baada ya miezi minne. Tajiri wake alikuwa amemnyang'anya simu. Sasa amerudi, na siku hizi tunafuturu naye. Mama mdogo hazungumzii pesa alizotoa. Anachokumbuka ni ile picha, maana kijana aliipiga asubuhi ya kuondoka na ilikuwa moja tu. Amekwenda kuidai mara mbili, na mara zote mganga amemwambia imeshayeyuka kwenye maji.