Betri ya Volti 15

Avometa ya baba mkubwa niliirithi pamoja na lawama. Nilikuwa na miaka tisa nilipoiangusha sebuleni, akasema nimeua kipimo cha omu kubwa. Fimbo nilikula. Tangu siku hiyo kila mgeni akija natambulishwa: huyu ndiye aliyeua mita ya Posta.

Baba mkubwa alikuwa fundi simu enzi za Posta na Simu ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, mita ikabaki kwake. Na kifaa chenyewe kilizaliwa posta. Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza, alichoka kubeba kipimo hiki na kile kila aendapo kutengeneza laini, akabuni kimoja cha yote: ampia, volti na omu, ndiyo AVO. Kikaanza kuuzwa 1923. Yetu ni Model 8, iliyotoka 1951 na kuendelea kutengenezwa mpaka 2008, vipuri vyake vilipokuwa vigumu kupatikana. Miaka 57! Simu yangu haijawahi kumaliza mitatu.

Chini ya mshale kuna ukanda wa kioo. Unafumba jicho moja, unasogeza kichwa mpaka mshale ufunike taswira yake, ndipo unasoma. Ukiizidishia umeme, kitufe kinaruka na kukata njia kabla mshale haujapinda. Aliyeibuni alijua watu wanakosea.

Mwezi uliopita niliipeleka kwa fundi redio mmoja Kariakoo. Volti, safi. Tukaweka betri mpya ya 1.5, omu ndogo nazo zikasoma. Omu kubwa, kimya. Kipimo hicho hutumia betri yake ya peke yake, ya volti 15, ambayo siku hizi kuipata ni kazi.

Fundi akafungua. Mahali pa betri palikuwa patupu, hapana hata kutu. Palikuwa na kikaratasi kimekunjwa, mwandiko wa baba mkubwa: “Betri ya 15 hakuna mjini. 3/82.”

Aliyeishi Dar mwaka 1982 hahitaji maelezo. Sabuni ilikuwa ya foleni. Nani angetoa fedha za kigeni kwa kibetri cha mita? Mimi nilizaliwa 1988.

Nilikisoma mara tatu. Fundi hakuwa na habari, alishapanga betri tano bapa kama sarafu, za volti 3 kila moja, akazifunga kwa utepe. Tano mara tatu, kumi na tano. Akagusisha waya, mshale ukapanda. Akausawazisha kwenye sifuri, tukapima kipande cha ukinzani alichokuwa nacho mezani. Sawasawa.

Baba mkubwa alifariki 2009, akijua.

Jioni nikampigia shangazi, nikamsomea kile kikaratasi. Alicheka sana. Kisha akauliza, “Lakini si uliiangusha kweli?”