17,296 na 18,416: Nani Alitangulia?

Baadhi ya vitabu vya hesabu husema kuwa namba 17,296 na 18,416 ziligunduliwa na Mfaransa Pierre de Fermat mwaka 1636. Fermat alizipata kwa juhudi yake, lakini hakuwa wa kwanza.

Wanahesabu walioandika kwa Kiarabu waliziita namba zinazopendana. Tuanze na zile ndogo, 220 na 284. Vigawo vya 220, ukiiacha yenyewe, ni 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110. Jumla yake ni 284. Vya 284 ni 1, 2, 4, 71 na 142, navyo vinarudisha 220. Jozi hiyo Wagiriki waliijua. Kanuni ya kupata nyingine aliiandika Thabit ibn Qurra, aliyefariki Baghdad mwaka 901. (Tuseme kweli: Thabit alikuwa Msabii wa Harran, si Muislamu. Tusimsilimishe kaburini.)

Kanuni yake inahitaji namba tasa tatu. Ukiwa na 23, 47 na 1,151, basi 16 × 23 × 47 ni 17,296, na 16 × 1,151 ni 18,416. Kamal al-Din al-Farisi wa Uajemi, aliyefariki mnamo 1319, aliithibitisha kanuni hiyo kwa njia mpya na jozi hii akaitaja, zaidi ya miaka 300 kabla ya Fermat.

Wanafunzi, shikeni kalamu. Vigawo vya 18,416, ukiiacha yenyewe, ni tisa tu. Vitafuteni, mvijumlishe.