Kiraka aliyeitwa Taliaferro

Timu zetu za kandanda zina mchezaji aitwaye kiraka: popote palipotoboka, yeye huziba. Wiki hii namzungumzia kiraka wa mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi.

George Taliaferro alizaliwa Tennessee mwaka 1927, akakulia Gary, Indiana. Mwaka 1945 alikisaidia Chuo Kikuu cha Indiana kutwaa ubingwa wa Big Ten bila kupoteza mchezo. Hata hivyo, kwa kuwa alikuwa Mweusi, hakuruhusiwa kulala katika mabweni ya chuo hicho.

Mwaka 1949 Chicago Bears walimteua, Mweusi wa kwanza kuteuliwa katika mgawo wa wachezaji wa NFL. Lakini walimfikia raundi ya 13. Naye alikwishatia saini kwa Los Angeles Dons wa ligi pinzani, akashika ahadi yake.

Ligi hiyo ilipokufa, akaingia NFL mwaka 1950. Hadi 1955 alizichezea New York, Dallas, Baltimore na Philadelphia. Alirusha, alikimbia, alidaka, alilinda, alipiga kwa mguu, alirudisha mipira: nafasi saba kwa jumla. Mara tatu aliitwa mechi ya nyota.

Wengi husifu kipaji hicho, nami nakisifu. Lakini nauliza: mbona mrushaji, kiongozi wa timu, alikuwa karibu daima Mzungu? Mwaka 1953 Taliaferro aliongoza Baltimore warushaji wake walipoumia, basi.

Alifariki mwaka 2018. Kiraka husifiwa kwa kuziba tundu. Nani hukumbuka kwamba nacho ni kitambaa kizima?